Salamu Kabla ya Damu

Kazi ya ndege niliipata kwa sababu ya jicho langu na kwa sababu ya mdomo wangu. Jicho, kwa kuwa katika maabara ya hospitali ya kampuni hapa Kolwezi mimi ndiye niliyekuwa nikisoma damu za malaria kutwa nzima, na sikuwa nikichoka upesi. Mdomo, kwa kuwa siku ile profesa kutoka Lubumbashi alipoingia na abacost yake, lile koti la Kizaire lisilo na tai, imefungwa mpaka shingoni, akauliza nani anaweza kumsaidia kusoma damu ya ndege wa porini, wenzangu wote waliinamisha vichwa wakajifanya wana kazi, na mimi nikamuuliza kama ndege wenyewe wamekubali. Profesa alicheka. Mkuu wa maabara hakucheka, lakini juma lililofuata alinipa ruhusa ya kwenda porini asubuhi mojamoja, ilimradi nirudi kabla wagonjwa hawajajaa kwenye benchi.

Ilikuwa miaka ya themanini, Zaire bado ni Zaire, na mji ulikuwa umeshaanza kusahau vita vya mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa mwanamke kijana, nimeolewa na fundi umeme wa mgodini, na nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Nalisema hili mapema, nisije nikamvizia msomaji nalo baadaye. Ya kwanza ilitoka ikiwa changa. Ya pili ilitoka nikiwa na homa ya malaria, tumbo limeshaonekana, akina mama wa kanisani wameshaanza kunipima kwa macho. Kila nilichofanya miaka ile, hata hiyo kazi ya ndege, nilikifanya nikiwa na swali moja tu kichwani: je, nitapata mtoto atakayekaa?

Mama mkwe wangu aliishi Lubudi, karibu na stesheni ya reli, na alikuwa na shamba kubwa la mihogo na ulimi mkubwa kuliko shamba. Baada ya ile mimba ya pili kutoka alikaa kwetu siku chache, na asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa mlangoni, alisema mbele ya mume wangu, "Mutoto yangu hakuoa mashini ya kuangalia damu. Alioa mwanamuke."

Mume wangu akatazama viatu vyake. Mimi sikujibu, maana kwetu mama mkwe hajibiwi, lakini nilipofika jikoni nilifyonza kwa nguvu, na nadhani alinisikia. Tangu siku hiyo kila treni ya Lubudi ilipopiga honi nilikuwa roho juu.

Basi, ndege. Profesa alinieleza kazi tukiwa ndani ya Land Rover, tukirushwarushwa na mashimo ya barabara. Alisema mwili wa ndege ni kama nyumba yenye sufuria moja ya bukari, yaani ugali. Kutaga mayai na kulea makinda, kupigana na magonjwa, kukimbia hatari, vyote vinakula kutoka sufuria hiyo hiyo. Mmoja akichota sana, wengine wanalala njaa. Na anayeshika mwiko, kwa sehemu kubwa, ni homoni ya hofu inayomiminwa ndani ya damu. Ikiwa kidogo, ni kitu kizuri, humwamsha ndege asubuhi na kumtuma kutafuta chakula. Ikizidi na ikakaa, hufunga mlango wa uzazi na kuudhoofisha ulinzi wa mwili, maana mwili unajiambia kwamba huu si wakati wa watoto, huu ni wakati wa kuponya roho yako.

Nilimsikiliza nikitazama nje ya dirisha. Sikutaka aone uso wangu.

Alitaka kulinganisha sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa miti iliyobaki ukingoni mwa shimo kubwa la mgodi, pale baruti inapolipuliwa mchana na ardhi ikatikisika mpaka vyombo vikalia kabatini. Ya pili ilikuwa vichaka vya njia ya mashamba, ng'ambo ya mtaa wa Manika, mahali pa utulivu. Ndege aliyemchagua ni shore, yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayepiga kelele asubuhi kabla ya watu wote. Profesa alitegemea kwamba shore wa mgodini watakuwa na hofu tele, mayai machache na vijidudu vingi vya malaria yao wenyewe ndani ya damu. Wa njia ya mashamba watakuwa wamenenepa kwa amani.

Tulitandika wavu mwembamba kati ya miti miwili, tukajificha. Shore akinaswa, profesa alimtoa polepole, mimi nikapuliza manyoya chini ya bawa, nikachoma mshipa, nikafyonza damu kwa mrija wa kioo mwembamba kama unywele. Tone moja nililipaka juu ya kioo kwa ajili ya hadubini. Nyingine iliingia kichupani, kichupa kikaingia kwenye barafu. Mara ya kwanza nilipoiweka damu ya ndege chini ya hadubini niliguna, kwa sababu chembe zao nyekundu zina kiini katikati, kila moja na yai lake, tofauti kabisa na zetu zilizo tupu. Nilizipenda palepale.

Sheria ilikuwa moja. Damu ichukuliwe mara tu ndege anaposhikwa, ndani ya dakika mbili tatu. Ukichelewa, ile homoni imeshapanda, na unachopima si maisha ya ndege tena, ni hofu yake ya kukuona wewe.

Sasa, njia ya mashamba ni njia ya watu. Asubuhi akina mama walipita na majembe na mabeseni, na hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayempa mgongo mama wa watu njiani. Profesa alikuwa Mluba wa kulelewa vizuri sana. Ninamkumbuka mama mmoja, mrefu, kitambaa chekundu kichwani, aliyetukuta shore ameshanaswa na profesa amemshika mkononi.

"Jambo yenu, tata na mama."

"Jambo, mama. Muliamka?"

"Tuliamka. Kwenu beko bazima?"

"Beko bazima."

"Na batoto?"

Hapo profesa alieleza habari za watoto wake mmoja baada ya mwingine, pamoja na yule aliyefeli hesabu. Mama naye akaeleza wa kwake. Shore alikuwa ametulia mkononi mwa profesa, moyo ukimdunda.

"Ile ndege ni ya kula?"

"Hapana, mama. Tunapima damu yake tu."

"Damu ya ndege," akasema, akatua beseni chini. "Na bantu? Bao mulishamaliza kubapima bote?"

Mimi nilicheka, na kosa langu lilikuwa hilo, kwa sababu alinigeukia.

"Na weye, mama? Uko na batoto ngapi?"

Nikasema bado. Akanitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko tusi, akanishika mkono, akafumba macho na kuniombea palepale kichakani, sala ndefu, yenye manabii na mito yake. Nilisema amina mara kadhaa ili afike mwisho upesi. Alipokwenda zake tulimchukua shore damu, tukamwachia, akaruka chini chini mpaka kichaka cha pili na kupotea.

Alikuwa jike, na kiota chake tulikijua. Tuliporudi siku kadhaa baadaye nilipenyeza mkono kati ya miiba nikagusa mayai kwa ncha ya kidole. Yalikuwa baridi. Profesa alisema hutokea, jike akiona hatari imezidi huyaacha mayai ili aishi na kutaga tena mwaka mwingine. Alilisema kwa upole, kama mtaalamu. Mimi nilikwenda kukaa ndani ya gari na nikalia, na dereva wetu akajifanya anakagua gurudumu.

Huyo dereva alikuwa mzee Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Kasongo, wafanyabiashara na wasafirishaji tangu babu zao, mtu mwenye kofia safi na maneno matamu. Muda wote tulipokuwa kichakani yeye alisinzia kwenye usukani.

Kifuku, majira ya mvua, kilipokwisha profesa alivibeba vichupa vyake mpaka Ulaya, kwa rafiki yake mwenye mashine ya kupima homoni. Alirudi miezi mingi baadaye, joto la kabla ya mvua limeanza, akaingia maabara amevimba uso kama mtu aliyefiwa. Mambo yalikuwa yamepinduka. Shore wa mgodini, wale wa baruti, walikuwa na hofu kidogo tu. Shore wa njia ya mashamba, wale wa amani, damu yao ilikuwa imejaa hofu mpaka pomoni.

"Nimechanganya vichupa," alisema. "Kazi ya mwaka mzima."

Nikamtolea vioo vyangu, maana mimi nilikuwa nimevisoma vyote. Na vioo havikukubaliana na vichupa. Chembe nyeupe za shore wa njiani zilikuwa za ndege wazima, na vijidudu vilikuwa vichache. Chembe nyeupe hubadilika polepole, zinasimulia majuma yaliyopita. Homoni inasimulia dakika hii. Kwa hiyo hawa walikuwa ndege wenye maisha mazuri na dakika moja mbaya. Profesa alivua miwani.

"Kule njiani," aliniuliza polepole, "tulikuwa tunawachukua damu baada ya muda gani?"

"Baada ya watoto wenu wote, Profesa. Mpaka yule aliyefeli hesabu."

Alicheka mpaka akashika meza. Mgodini kulikuwa na walinzi na uzio, hapiti mtu, kwa hiyo hakukuwa na wa kusalimia na damu ilichukuliwa palepale. Njiani tulipima salamu. Sijui kama wazungu wangeweza kufanya kosa la namna hiyo. Wao wangempita mama wa watu kama wanampita mti, na vichupa vyao vingetoka sawasawa.

Kukataa salamu hakukuwezekana, hilo hatukulijadili hata kidogo. Dawa tuliyoipata ilikuwa dereva. Kifuku kilichofuata tulimweka kwenye kona ya njia, juu ya kiti cha kukunja, na chupa yake ya kahawa, ili apokee salamu za sisi sote na kuzijibu kwa niaba yetu. Mzee wa watu alizaliwa kwa kazi hiyo. Aliuliza habari za mashamba, za magoti, za waliosafiri, na akina mama walikwenda zao wameridhika bila kujua kwamba nyuma ya kichaka kuna mwanamke na mrija wa kioo. Akaanza kuletewa karanga. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anajua habari zote za Manika, na nyingine alitusimulia bila kuombwa.

Na mayai hayakupoa tena. Mara nyingi jike tuliyemwachia alirudi kukalia kiota tukiwa bado tunakunja wavu. Profesa alinieleza kwamba jike mwenye mayai, akiwa salama kiasi, mwili wake hupunguza ile homoni wenyewe, unakataa kushtuka kwa kila kitu, kwa sababu umeshaweka mali yake yote mahali pamoja. Ndiyo maana wale wa mgodini hawakuijali baruti. Ililia saa ile ile kila siku, na haikuwahi kuwafuata kiotani.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo niliona mwenyewe kwenye vioo. Majike wenye mayai walikuwa na vijidudu vingi vya malaria kuliko wengine. Vile vilivyolala kiangazi chote viliamka wakati wa kutaga, kwa sababu sufuria ilikuwa imehamia kwa watoto na mlinzi alibaki na njaa. Niliona kioo baada ya kioo, na mgongo wangu ukalowa jasho, kwa sababu nilikuwa na mimba. Nilikuwa nimemwambia mume wangu peke yake. Kwetu mimba haitangazwi, inasubiriwa mpaka ijitangaze.

Homa ilinikuta kazini, asubuhi, tumbo likiwa limefika pale pale lilipofika kwa ile mimba ya pili. Wenzangu walikuwa wamekwenda kunywa chai. Nilijichoma kidole changu mwenyewe, nikapaka kioo, nikakitia rangi, nikakaa nikingoja kikauke huku meno yakigongana. Kisha nikainama juu ya hadubini. Zilikuwepo. Pete ndogo za buluu zenye kitone chekundu, kama nilizowahi kuona kwa maelfu ya watu wengine, na sasa zimekaa ndani ya chembe zangu bila haya. Nilizitukana kwa Kiluba, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, hata wakati wa risasi za vita vile.

Daktari alinipa dawa, na baada ya siku chache pete zilianza kupungua. Akamwambia mume wangu nilale nyumbani mpaka nijifungue, nile, nisihangaishwe. Daktari hakuwa mtu wa huku. Hakujua kwamba kwetu mgonjwa aliyelala nyumbani ni mwaliko.

Walikuja. Akina mama wa kanisani kwa vikundi, majirani wa kambi, wake za mafundi, ndugu wa mume. Kila mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda, kila mmoja aliuliza siku ngapi na maumivu wapi, na kila mmoja alikuwa na shangazi aliyepoteza mtoto mwezi ule ule. Walikuja kwa upendo, sitaki kuwasingizia. Lakini wakiondoka moyo wangu ulikuwa ukidunda mpaka nauona kwenye kanga, na usingizi hauji. Mume wangu alikuwa zamu mgodini. Nilikuwa nikijikaza, natabasamu, nasema asante, na maji yamenifika shingoni.

Jioni moja mume wangu akaingia, akazungukazunguka chumbani, akanyanyua kikombe na kukirudisha.

"Mama anafika kesho," alisema. "Na treni."

Niligeukia ukuta. Nilijua anakuja kufanya nini. Anakuja kuona kama mashini ya damu inaweza kuzaa safari hii, na ikishindwa, ana msichana wa kwao Lubudi tayari wa kumwoza mwanawe. Nililia kimyakimya mpaka mto ukalowa, na nilimchukia, naye bado yuko kwenye treni.

Alifika na kuku wawili, gunia la unga na fungu la mizizi ya kupikia munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Hakunisalimia kwa urefu. Aliweka kiganja juu ya paji langu, akakitoa, akatazama tumbo, akaenda jikoni kufokea sufuria. Kesho yake nikasikia lango la parsele, ua wa nyumba yetu, linalia na sauti za akina mama wa kanisani. Nikajifuta uso, nikavuta kanga, nikaandaa tabasamu. Hakuingia mtu. Nilisikia sauti ya mama mkwe nje, chini ya mti wa avoka, yaani mparachichi, karibu na dirisha langu.

"Karibuni, bamama. Kaeni hapa. Kunyweni munkoyo."

"Asante, mama. Tulikuya kuona mugonjwa."

"Mugonjwa eko analala."

"Tutaingia kidogo tu, tumuombee."

"Mungu anasikia ata hapa chini ya avoka. Ombeni, mi niko naitika amina."

Wakaomba chini ya avoka. Akaitika amina. Akauliza habari za nyumba zao, moja moja, akaeleza habari zangu kwa kirefu, nyingine za uongo mtupu, kwamba nimekula bakuli zima la sombe, majani ya mihogo, kwamba nimecheka. Wakaondoka wameshiba munkoyo. Mimi nilikuwa nimelala chali, natazama dari, sielewi.

Ikawa hivyo kila siku. Alitoa kigoda chake asubuhi na kukiingiza jua likizama. Jirani, mchungaji, wake za wakubwa wa kampuni, wote waliishia kwenye avoka. Mimi nilikula, nikalala. Nililala mchana, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu utoto.

Halafu akaja mzee wa ukoo. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, ametoka Kisenge safari nzima kwa ajili yangu, amevaa suti. Mtu kama huyo hazuiliwi kwenye mlango wa mtoto wake. Nilisikia fimbo yake kwenye saruji ya kibaraza, nikaanza kuinuka.

"Tata, kaa kwanza," mama mkwe alisema.

"Nitakaa mule ndani."

"Ndani hapana, tata. Munganga ya hospitali alikatala."

"Munganga njo mukubwa wa hii nyumba?"

Nilijua mama mkwe alikuwa akimtegemea mzee huyo kwa mambo ya shamba lake, na kwamba neno lake lilisikilizwa na ukoo wote kuliko la mjane.

"Munganga hapana," akasema. "Ni mi njo nakatala. Kama ni kukasirika, tata, ukasirikie mi. Yee usimukasirikie."

Fimbo ilishuka ngazi. Lango likalia. Munkoyo hakuugusa. Baadaye nilisikia kwamba amekataza ndugu wa Kisenge wasipeleke salamu Lubudi mpaka atakaposema.

Mchana huo mama mkwe alipoleta uji nilimwuliza kwa nini. Nilimwuliza kwa ukali kidogo, sijui kuuliza namna nyingine. Akaketi juu ya sanduku la nguo, akipangusa mikono kwa kitenge.

"Bwana yako alinielezea kule gare ya treni habari ya ule dereva ya bandege," alisema. "Nilicheka sana. Alafu sikucheka tena."

Nikadhani amemaliza.

"Ile mara ya mimba ya pili, bale bamama bote benye kuyala mu nyumba mpaka ku kitanda yako, mi njo nilibaita. Nilibatumia na barua toka Lubudi. Niliwaza ni musaada."

Ningeweza kumwambia, kama mtu wa maabara, kwamba ile mimba ya pili iliuawa na malaria, na kwamba binadamu si shore, profesa mwenyewe alinionya mara nyingi nisiruke kutoka kichakani mpaka kitandani. Nililisema baadaye, na ni kweli. Siku ile nilinyoosha mkono tu, nikamshika kifundo cha mkono, na akaniacha nimshike mpaka uji ukapoa. Kisha akasikia lango, akafyonza, akatoka.

Uchungu ulinianza asubuhi ya siku ya kawaida kabisa, mume wangu akiwa zamu. Tulikwenda na mama mkwe hospitalini kwa gari la jirani, yeye amenishika kiuno na kupokea salamu za njia nzima kupitia dirishani. Kwenye chumba cha kujifungulia hawakumruhusu. Akabaki kwenye benchi la korido. Nilifanya kazi yangu, ilikuwa ngumu, na mchana, jua likiwa limejaa dirishani, mtoto alitoka na kulia kabla hata hawajamwinua vizuri. Nilicheka, nikalia, nikamwomba mkunga amlize tena, na mkunga akasema huyu hahitaji kulizwa, msikilize mwenyewe.

Akatoka kwenda kumwambia mama mkwe. Alirudi akitikisa kichwa.

"Ameniuliza kitu kimoja tu," alisema. "Kama analia. Nikamuachia mlango wazi asikilize."

"Halafu?"

"Halafu amelala."

Nilidhani amezimia, nikamwomba aende tena. Akaenda, akarudi, akasema hapana, ni usingizi, anakoroma, ameweka viatu chini ya kichwa. Mume wangu alifika akiwa na nguo za kazi, akajaribu kumwamsha ampeleke nyumbani, akashindwa. Watu wakapita na taa za mafuta na machela, wageni wakaanza kuja na kuingia mpaka kitandani kwangu bila kuzuiwa na mtu, na yeye hakusikia. Aliamka kesho yake asubuhi, akaja mlangoni na mistari ya mbao za benchi shavuni, na hapo ndipo alipouliza kama ni mvulana au msichana.